Kuosha injini ya gari nyumbani bila kuiharibu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Barabara zetu za Uganda zina vumbi jekundu, na magari yetu mengi yametoka Japani yakiwa yameshafanya kazi miaka kadhaa. Oili ikianza kuvuja kidogo, vumbi linaikamata, na baada ya kiangazi kimoja chini ya boneti kunakuwa na tabaka jeusi lililoshika kama ukoko wa ugali. Wenye magari wanataka kulitoa, lakini wanaogopa, maana kila mtu amesikia habari ya gari lililoingia kuoshwa likiwa zima na kutoka likivutwa kwa kamba. Majibu haya ni ya mtu anayetaka kuosha mwenyewe, nyumbani, kwa ndoo na jerikeni. Ya msingi yametangulia. Haibridi, dizeli, panya na mafuriko yako mwishoni.

## Kabla hujaamua kuosha

Injini inahitaji kuoshwa kweli, au ni urembo tu?

Vumbi kavu peke yake halina madhara makubwa, na gari linaweza kutembea miaka likiwa na injini yenye vumbi. Kinachostahili kutolewa ni mafuta yaliyochanganyika na vumbi. Yakiwa karibu na ekzosi yanatoa moshi, na yanaweza kushika moto. Yakikaa kwenye hozi za maji na mikanda, mpira unalainika na kuvimba, kwa sababu haukuundwa kulowa oili. Tena yanaficha mahali panapovuja.

Hilo la mwisho ndilo ninalolitilia mkazo kuliko yote. Injini iliyosafishwa inaonyesha tone jipya siku hiyo hiyo, na fundi haachwi akibahatisha kama ni gasketi ya tapeti kava (mfuniko wa juu wa injini), chujio la oili au oili sili ya mbele. Osha ili uone. Anayeosha kwa nia hiyo hupita sehemu moja baada ya nyingine kwa mkono, na hana sababu ya kumwaga maji ovyo.

Nioshe mara ngapi kwa mwaka?

Mara moja au mbili zinatosha kwa gari la mjini. Anayeshinda kwenye barabara za vumbi, tuseme Karamoja wakati wa kiangazi au njia za mashambani za West Nile, anaweza kuongeza mara moja. Kati ya hapo apulize vumbi kwa upepo wa kompresa na kufuta kwa kitambaa chenye unyevu. Kampala na maeneo ya kati, miezi mizuri ni Januari na Februari, halafu Juni hadi Agosti, kwa kuwa jua lipo na injini inakauka upesi. Kuosha jioni ya Aprili wakati wingu limeshajikunja ni kujitafutia usumbufu.

Kama maji ni hatari hivyo, mbona mvua haiharibu injini?

Mvua haifiki huko kama watu wanavyodhani. Boneti inaizuia kwa juu, na maji yanayoruka kutoka magurudumuni yanaingia kwa chini, polepole. Soketi za nyaya za gari zina mipira midogo ya kuzuia matone na unyevu wa aina hiyo.

Mipira hiyo haikutengenezwa kuzuia mshale wa maji wa mashine yenye presha ya bar 100 na zaidi, ukipigwa kutoka umbali wa kiganja. Maji yanasukumwa hadi ndani ya soketi, na mpira ule ule ulioshindwa kuyazuia yasiingie sasa unayazuia yasitoke. Yanakaa humo na kuanza kula chuma. Ndiyo maana kuna magari yanayotoka kuoshwa vizuri na kuanza matatizo wiki mbili baadaye.

Kuna hali ambayo nisioshe kwanza?

Ndiyo. Waya zilizochunika au zilizofungwa kwa solotepu, soketi zilizovunjika kufuli, boksi la fyuzi lisilo na mfuniko, kifuniko cha oili kisichokaza, hozi ya hewa iliyopasuka: tengeneza kwanza, kisha osha. Vivyo hivyo kama injini tayari inamisi, yaani inakosa kuwaka sawasawa kwenye baadhi ya silinda, au taa ya injini inawaka. Ukiosha kabla ya kujua chanzo, hutaweza kutofautisha tatizo la zamani na lililoletwa na maji. Kwa magari hayo, kitambaa chenye dawa kidogo kinatosha.

Si afadhali nipeleke wanakoosha magari kwa presha?

Peleka, lakini usimame hapo. Vijana wale wanalipwa kwa gari, na gari linalofuata liko kwenye foleni. Kufunika altaneta (kifaa kinachochaji betri) na boksi la fyuzi kunakula dakika ambazo hawana. Waombe mambo mawili kabla hawajaanza: injini ipoe, na kwenye injini watumie mpira wa maji ya kawaida. Wakikataa, waoshe bodi tu, injini ukaoshe nyumbani.

## Vifaa na dawa

Ninahitaji vifaa gani?

Spana namba 10 ya kufungulia betri. Brashi ya nywele laini, kama ya kupakia rangi, na nyingine ya plastiki iliyo ngumu kidogo. Mswaki wa zamani wa kuingia kwenye pembe. Chupa ya kunyunyizia. Mifuko ya plastiki, zile kaveera za sokoni, na raba za kuifungia. Vitambaa vya pamba, na viwe vingi kuliko unavyodhani. Glavu za mpira na miwani ya kukinga macho, kwa sababu brashi inaporudi inarusha dawa usoni. Brashi ya waya iache. Inachuna nyaya na kukwaruza aluminiamu.

Maji kiasi gani?

Jerikeni moja ya lita 20 inatosha injini ya kawaida ya silinda 4, ukitumia chupa ya kunyunyizia au kopo lililotobolewa. Ukitumia mpira wa bomba, maji yatoke kwa ulegevu. Usibane mdomo wake kwa kidole.

Nitumie dawa gani?

Tafuta dawa ya kuondoa mafuta na grisi, ambayo dukani utaisikia ikiitwa digrisa, iliyo ya aina inayochanganyika na maji, na chupa iseme haidhuru aluminiamu, mpira wala plastiki. Nyingi zinauzwa zikiwa nzito. Kipimo cha chupa ndicho cha kufuata. Kikikosekana, sehemu 1 ya dawa kwa 10 za maji ni mwanzo mzuri kwa uchafu wa kawaida, na 1 kwa 5 kwa ule ukoko mweusi. Jaribu kwanza mahali padogo.

Dawa za kopo la kupuliza zenye harufu kali ya mafuta zinafanya kazi haraka, lakini nyingi zinashika moto na zinachosha mipira. Zitumie kwenye chuma tu, nje, injini ikiwa imepoa kabisa.

Petroli, dizeli au mafuta ya taa je? Mafundi wengi wanatumia.

Petroli, hapana. Hapa sitaki kulegeza neno. Petroli hutoa mvuke unaoweza kushika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, sembuse mchana wa Kampala. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa: unashuka, unatambaa, unajikusanya kwenye bamba la chini ya injini, na unachohitaji ni cheche ya betri inayofungwa au sigiri ya mkaa iliyo hatua chache kutoka hapo. Fundi anayeosha gia kwenye beseni la petroli anaamini ni salama kwa kuwa hajawahi kuungua. Watu wanaungua hivyo, na majeraha ya petroli ni mabaya.

Mafuta ya taa na dizeli hayawaki kirahisi hivyo. Mafuta ya taa huanza kutoa mvuke wa kushika moto karibu na nyuzi 38, dizeli juu ya 50. Lakini ekzosi ya gari lililotoka barabarani ina joto la mamia ya nyuzi. Zaidi ya hapo, yanavimbisha hozi za maji na kuacha utando utakaokamata vumbi la safari inayofuata, kwa hiyo ndani ya mwezi uchafu umerudi. Kwa kipande kilichofunguliwa na kuwekwa pembeni, mbali na moto, dizeli kidogo na brashi inakubalika. Kwa injini iliyo ndani ya gari, hapana.

Sabuni ya kawaida inatosha?

Sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, ikichanganywa na maji ya uvuguvugu, inatosha kwa vumbi na mafuta mepesi. Injini isiyovuja ningeianzia hapo. Isuuze vizuri, maana nyingi zina chumvi. Sabuni ya unga ina nguvu zaidi, ila chembe zisizoyeyuka zinabaki pembeni na kuacha weupe. Kostiki, ile ya kutengenezea sabuni na kuzibulia mabomba, isikaribie injini: inakula aluminiamu, na kichwa cha injini na mwili wa altaneta mara nyingi ni aluminiamu. Asidi ya kusafishia vigae ni hivyo hivyo.

## Kuandaa gari

Injini iwe imepoa kiasi gani?

Weka kiganja juu ya tapeti kava. Kikiweza kutulia hapo bila wewe kukiondoa, anza. Kwa gari lililotoka safari, hiyo ni kama saa moja boneti ikiwa wazi, na ekzosi inataka zaidi. Gari lililolala baridi unaweza kuliwasha dakika 2 au 3 na kulizima, kwa sababu uvuguvugu unalainisha grisi.

Maji baridi yakikutana na ekzosi ya moto, chuma kinaweza kupasuka. Dawa nayo inakaukia juu kabla haijafanya kazi, na mvuke unaunguza mikono.

Ni lazima niguse betri?

Huhitaji kuitoa. Fungua waya wa hasi, wenye alama ya −, uusogeze usirudi kugusa. Hasi hufunguliwa kwanza na kurudishwa mwisho. Ukianza na chanya, spana ikigusa bodi inapiga cheche. Kuna sababu nyingine pia: kwenye baadhi ya magari feni ya radiata inaweza kuanza yenyewe hata ufunguo ukiwa mfukoni mwako.

Ukirudisha waya, saa na stesheni za redio zitakuwa zimepotea, na injini inaweza kunguruma bila utulivu kwa muda mfupi wakati kompyuta ya gari inajipanga upya. Kama redio yako inadai namba ya siri, itafute kabla ya kufungua betri.

Nifunike nini?

Altaneta, boksi la fyuzi, betri, koili za plagi, kompyuta ya gari kama iko chini ya boneti, na mahali injini inapovutia hewa, yaani mdomo wa boksi la chujio pamoja na sensa iliyo kwenye bomba lake. Kaza kifuniko cha oili na usukume kijiti cha kupimia oili hadi mwisho. Angalia pia mfuniko wa mafuta ya breki. Mafuta hayo yakichanganyika na maji breki zinadhoofika, na yakimwagikia rangi ya gari yanaibabua.

Hesabu mifuko unapoifunga. Mfuko mmoja ukisahaulika karibu na mkanda unasokotwa humo, na karibu na ekzosi unayeyuka.

Sijui altaneta iko wapi. Nitaitambuaje?

Fuata mkanda ulio pembeni mwa injini. Mojawapo ya vitu ambavyo mkanda huo unavizungusha ni kifaa cha aluminiamu chenye matundu mengi ya kupitisha hewa, ambamo unaweza kuona waya za shaba, na waya mnene unatoka hapo kwenda kwenye betri. Hiyo ndiyo. Matundu hayo ndiyo sababu ya kuifunika: maji yenye tope yakiingia, mchanga unabaki ndani ukisaga.

## Kuosha kwenyewe

Nianzie wapi?

Anza bila maji. Hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa kuwa vumbi letu jekundu likilowa linageuka udongo unaoshuka na kujaza kila pembe. Okota majani chini ya kioo cha mbele, fagia vumbi kwa brashi laini kutoka juu kwenda chini, na kama una upepo, pulizia. Nusu ya kazi inaishia hapo.

Kisha nyunyizia dawa, ukianza chini na kupanda, ili michirizi isitangulie kwenye sehemu kavu. Gawanya injini vipande vipande: upande wa betri, katikati, upande wa mkanda. Subiri dakika 3 hadi 5, na dawa isikauke; ikianza kukauka, nyunyizia tena. Fanya kazi kivulini kwa sababu hiyo. Sugua kwa brashi kwenye chuma, kwa mswaki kwenye kona, na kwa kitambaa chenye dawa kwenye nyaya na vifuniko vya plastiki. Tazama rangi ya povu: likitoka jeusi, rudia; likiwa la kahawia ya vumbi tu, chuma kimefikiwa.

Suuza kutoka juu kwenda chini kwa maji malegevu, ukizunguka vilivyofunikwa bila kuvilenga. Sabuni ikibaki kwenye soketi au plastiki, ifute kwa kitambaa chenye maji. Zulia la chini ya boneti lisiloweshwe. Linanyonya maji na kuchanika.

Ukoko mgumu hautoki kwa mara moja, na haina haja. Bakisha, rudi mwezi ujao. Kuukwangua kwa bisibisi ndiko kunakotoboa hozi.

Naweza kuosha injini ikiwa imewashwa?

Wapo wanaofanya hivyo wakisema inakausha haraka. Usifanye. Mkanda na feni vinavuta kitambaa pamoja na mkono, na injini inavuta hewa wakati wote, kwa hiyo maji yakifika mdomoni mwa bomba la hewa yanaingia ndani.

Radiata iliyojaa wadudu na tope je?

Msimu wa senene, Novemba hivi, anayesafiri usiku kwa barabara ya Masaka anaweza kurudi na radiata imezibwa. Usiichokoe kwa kitu chenye ncha wala kuipiga presha. Mapezi yake ya aluminiamu yanalala na hewa haipiti tena. Pitisha maji taratibu kutoka upande wa injini kwenda nje, kinyume cha upepo uliowaleta wadudu, na sugua kwa brashi laini ukifuata mapezi. Mfuniko wa radiata ya moto haufunguliwi kwa sababu yoyote.

Kwenye vichwa vya betri kuna unga mweupe au wa kijani. Nifanyeje?

Fungua waya zote mbili, hasi kwanza. Koroga kijiko kimoja cha bekingi soda kwenye kikombe cha maji, mimina kidogo kwenye unga, nao utatoa povu. Sugua kwa mswaki, suuza, kausha, rudisha waya, paka vaselini. Maji hayo yasiingie kwenye matundu ya betri, kwa sababu yanaua asidi inayoifanya ifanye kazi. Vaa glavu.

## Kukausha na kuwasha

Nikaushe vipi?

Kitambaa kwanza, upepo baadaye. Kama huna kompresa, kwa mpiga pancha ipo, lakini gari lisogezwe huko baada ya kukauka kiasi cha kuwashwa salama. Puliza kwenye mikunjo ya tapeti kava, kuzunguka koili na chini ya nyaya, ncha ya upepo ikiwa mbali kidogo na soketi. Toa mifuko yote, ihesabu, kisha acha boneti wazi juani saa moja au mbili.

Rudisha betri, washa, na liache lingurume dakika 10 hadi 15 bila kukanyaga mafuta. Mvuke mwepesi kutoka upande wa ekzosi ni maji yanayokauka. Harufu ya plastiki au mpira unaoungua maana yake zima, utafute.

Nipake nini ing'ae?

Si lazima. Ukitaka, kipolishi cha maji cha plastiki, kidogo, kwa kitambaa, mbali na mkanda. Oili na dizeli zinazopakwa ili gari ling'ae zinarudisha kila ulichokitoa.

## Mambo yakienda mrama

Nimeosha, sasa injini inamisi. Nimeiua?

Karibu kila mara, hapana. Ni maji kwenye visima vya plagi. Magari mengi ya Toyota ya lita 1.5 yanayotembea hapa, kama Premio, Allion, Vitz na Probox, yanatumia injini ya 1NZ-FE. Koili zake 4 zimepangwa juu, kila moja ikishikwa na bolti moja ya namba 10, na chini ya kila koili kuna kisima kirefu kinachofika kwenye plagi. Maji yakituama juu ya tapeti kava yanapenya kwenye mpira wa koili uliokakamaa. Umeme unaopaswa kuruka kwenye ncha ya plagi unakatisha njia kupitia maji.

Zima gari. Usiliendeshe ili lijikaushe. Petroli isiyoungua inakwenda kwenye katalisti, kisafisha moshi kilicho kwenye ekzosi, na kuichoma, na hiyo ni hasara kubwa kuliko koili. Fungua waya wa hasi wa betri. Bonyeza kufuli ya soketi ya koili, itoe bila kuvuta waya, fungua bolti, kisha ivute koili juu huku ukiizungusha kidogo kulia na kushoto. Itazame kwenye mwanga. Mpira mkavu una weusi wa aina moja kutoka juu hadi chini. Uliolowa una mstari unaong'aa ubavuni, na wakati mwingine kuna pete ya kutu inayoonyesha kwamba maji yamekuwa yakiingia humo tangu zamani. Angaza tochi kisimani. Nyonya maji kwa kitambaa kilichozungushiwa kijiti, au puliza upepo ukiwa umekinga macho, maana maji yote yanarudi juu. Plagi isitolewe kabla kisima hakijakauka, la sivyo maji yanashuka kwenye silinda.

Kausha koili, zianike, rudisha kila moja mahali pake. Injini ikitulia, kazi imekwisha. Kama kisima kikavu na bado inamisi, huenda mpira wa koili umepasuka, nao unabadilishwa. Na ukikuta oili kisimani badala ya maji, mipira ya visima imechoka. Hubadilishwa pamoja na gasketi ya tapeti kava, na kwa Kampala vitu hivyo unavipata soko la vipuri la Kisekka.

Kwenye Subaru zenye silinda zilizolala ubavuni, plagi ziko pembeni chini, kwa hiyo hatua ni zile zile ila nafasi ya mkono ni finyu. Mwite fundi.

Taa ya injini imewaka lakini gari linatembea vizuri.

Ikiwa inapepesa, injini inamisi vibaya. Simama na usome swali lililotangulia. Ikiwaka bila kupepesa, kuna soketi yenye unyevu au uliyoigusa ikalegea. Pita ukikagua soketi moja moja, kausha, liache gari lipumzike juani hadi kesho. Isipozimika, lisomwe kwa mashine. Namba ya hitilafu P0300 ni kumisi kwa ujumla. P0301 hadi P0304 zinataja silinda yenyewe, na hapo unajua koili ipi ya kuanza nayo.

Gari haliwaki kabisa.

Staata ikiwa kimya, kagua vichwa vya betri kwanza. Mara nyingi waya wa hasi haukukazwa. Kisha fungua boksi la fyuzi utazame unyevu. Staata ikizungusha bila injini kushika, rudi kwenye visima vya plagi, na usizungushe zaidi ya sekunde 10 kwa mara moja. Lakini kama staata iligonga kitu na kukwama ghafla, acha papo hapo. Toa chujio la hewa. Likiwa limelowa, huenda maji yamefika kwenye silinda, na maji hayakandamiziki. Kulazimisha kunapinda vyuma vya ndani. Plagi zitolewe na fundi kabla ya kuzungusha tena.

Mkanda unapiga kelele baada ya kuosha.

Dawa au maji yamebaki juu yake. Zima, suuza kwa maji safi, kausha kwa kitambaa. Usipake sabuni wala grisi. Kelele ikibaki baada ya siku mbili, mkanda ulikuwa umechoka tayari.

Dawa imeingia jichoni.

Osha kwa maji safi yanayotiririka dakika 15 au zaidi, kope zikiwa zimefunguliwa, halafu nenda hospitali na chupa ya dawa mkononi. Usisugue.

## Maji machafu

Maji yenye oili yaende wapi?

Yasiende kwenye mtaro wa barabarani, bondeni kwenye mafunjo, wala karibu na kisima. Kwa Kampala hili ni la karibu sana: mfereji wa Nakivubo unapeleka maji ya jiji hadi Ghuba ya Murchison katika Ziwa Victoria, na mitambo ya Ggaba inachota maji ya kunywa kwenye ghuba hiyo hiyo. Oili unayoisukuma mtaroni Jumamosi inaelekea huko.

Tandika turubai chini ya injini, kingo zake ukiziinua kwa matofali. Tope zito la mafuta likamatwe na pumba za mbao au mchanga, lifungwe, lipelekwe kwenye gereji inayokusanya oili chafu. Kutumia maji kidogo kunafanya haya yote yawezekane. Lita 20 unaweza kuzikusanya, lita 200 huwezi.

## Hali za pekee

Gari langu ni haibridi. Naweza kuosha?

Futa kwa kitambaa chenye unyevu, basi. Nyaya za rangi ya machungwa kwenye Prius, Aqua na zinazofanana nazo zinabeba umeme wa volti ya juu, na kufungua betri ndogo ya volti 12 hakukupi ruhusa ya kumwagia maji kifaa cha umeme kilicho chini ya boneti. Ufunguo uwe mbali na gari, kwa sababu haibridi inaweza kuwa imewaka huku injini iko kimya.

Injini ya dizeli ni tofauti?

Haina plagi za cheche, kwa hiyo ule usumbufu wa visima haupo. Lakini pampu ya dizeli isimwagiwe maji baridi ikiwa ya moto. Vipande vyake vya ndani vimekaribiana mno na vinaweza kukwama. Turbo nayo inachelewa kupoa kuliko injini yenyewe. Dizeli za kisasa zina soketi nyingi kwenye nozeli, nazo zifunikwe kama koili.

Gari la zamani lenye kabureta na distribyuta?

Funika vyote viwili. Likigoma kuwaka, fungua mfuniko wa distribyuta, ukaushe ndani na nje, uurudishe.

Na bodaboda?

Kabureta, mdomo wa ekzosi na swichi za usukani zifunikwe, injini ipoe, cheni itiwe oili baada ya kukauka.

Nimekuta kiota cha panya.

Usianze na maji. Vaa glavu na barakoa, nyunyizia dawa ya kuua vijidudu kwenye kiota, kitoe kwa kijiti, kwa kuwa mkojo wa panya unaambukiza magonjwa. Kisha fuata kila waya kwa tochi. Waya uliotafunwa ukilowa unapiga shoti. Urekebishwe kwanza.

Nimeenda bondi, yadi ya kuuzia magari, kununua gari, injini inang'aa. Ni dalili nzuri?

Si dalili ya kitu chochote. Injini iliyooshwa asubuhi haionyeshi inavujaje. Omba liwashwe na litembee hadi lipate joto kamili, kisha angaza tochi chini ya tapeti kava, kuzunguka chujio la oili, na mahali injini inapokutana na giaboksi. Pitisha kidole kwenye mkunjo wa chini; oili mpya inalowesha kidole hata pale jicho halioni kitu. Ukiweza, rudi siku ya pili ukague tena kabla ya kulipa, na utazame ardhi lilipolala.

Gari lilizama kwenye mafuriko hadi injini. Nioshe kwanza?

Usiwashe, na usiguse ufunguo. Fungua hasi ya betri, livutwe hadi kwa fundi, plagi na chujio la hewa vitolewe, oili ya injini na ya giaboksi itazamwe. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia na inamwagwa yote. Kuosha tope la nje kunasubiri mpaka hayo yamalizike.